Kuipata na Kuitumia Data ya Utafiti wa Kufuatilia Kaya Tanzania: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti Anayeanza

Kila msimu wa tasnifu unapokaribia, maswali yale yale hurudi. Mmoja anasema kaya zake zilikuwa elfu tatu na ushee jana, leo baada ya kuunganisha mafaili zimekuwa elfu kumi na mbili. Mwingine anashangaa kuona mtu aliyekuwa mwanamume wa miaka 41 katika awamu ya kwanza amegeuka kuwa msichana wa miaka 9 katika awamu ya pili. Wa tatu hajakosea lolote linaloonekana kwa macho, ila wastani wake haulingani hata kidogo na ule uliochapishwa katika ripoti ya serikali.

Wote watatu wameshindwa mahali pamoja, na mahali hapo si kwenye hesabu za takwimu. Wameshindwa kujua nani ni nani. Data ya kufuatilia watu kwa miaka mingi ina thamani kwa sababu moja tu, kwamba mtu yule yule anaonekana tena na tena; mtafiti akimpoteza mtu huyo njiani, kilichobaki ni rundo la namba lisiloweza kumwambia chochote. Kwa hiyo mwongozo huu utakwenda haraka katika kupakua na kujaza fomu, na utakaa sana katika hatua ya 5 na ya 6.

Mfano tutakaoutumia ni utafiti wa kufuatilia kaya unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), unaofahamika zaidi kwa kifupisho cha jina lake la Kiingereza, NPS (National Panel Survey). Awamu zake ni 2008/09, 2010/11, 2012/13, 2014/15 na 2020/21, na kuna awamu ndogo ya 2019/20. Anayefanya kazi Uganda atakuta utafiti wa aina hiyo hiyo ulioanza 2009/10 chini ya ofisi ya takwimu ya nchi hiyo, na hatua nyingi zilizomo humu zitamfaa bila marekebisho makubwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Swali la utafiti lililoandikwa kwa sentensi moja, likitaja ni nani anayefuatiliwa (mtu, kaya au shamba) na kutoka mwaka gani hadi mwaka gani.
- Kompyuta yenye nafasi ya kutosha. Mafaili haya si mazito; kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi inayafungua.
- Programu ya takwimu: Stata, SPSS au R. R ni ya bure, na asiye na fedha za leseni hana sababu ya kutafuta programu ya wizi. Excel haimo katika orodha hii, na sababu yake itaonekana katika hatua ya 4.
- Barua pepe unayoifungua kila siku, ikiwezekana ya chuo au ya taasisi.
- Daftari, la karatasi au la kwenye kompyuta, la kuandika kila uamuzi na tarehe yake. Miezi mitatu ijayo hutakumbuka kwa nini uliziondoa kaya 17, na msimamizi wako atakuuliza.

Hatua ya 1: Lipime swali lako kabla ya kupakua chochote

Sampuli ya NPS ilipangwa ili izungumze kwa niaba ya Tanzania nzima na kwa maeneo manne makubwa: Dar es Salaam, miji mingine ya Bara, vijiji vya Bara, na Zanzibar. Haikupangwa izungumze kwa niaba ya mkoa mmoja mmoja, seuze wilaya. Katika awamu ya kwanza walihojiwa wanakaya wa kaya 3,265 katika maeneo 409 ya kuhesabia watu, yaani takriban kaya nane kwa kila eneo. Mkoa wenye maeneo kumi tu una kaya kama themanini, na kaya themanini hazitoshi kukuambia umaskini wa mkoa huo umepanda au umeshuka.

Nimeona mapendekezo ya utafiti yaliyopitishwa yenye kichwa cha habari kinachotaja wilaya moja, na data iliyotajwa ni NPS. Hilo haliwezekani. Ukitaka wilaya, ama unafanya udodosi wako mwenyewe, ama unabadilisha swali.

Jiulize pia kama swali lako linahitaji ufuatiliaji kweli. Kama unataka tu kujua asilimia ya kaya zenye umeme mwaka 2020/21, awamu moja inatosha, na utajiepusha na kazi ngumu ya kuunganisha. Ufuatiliaji unahitajika pale unapouliza juu ya mabadiliko ya watu wale wale: waliopanda mbegu bora mwaka ule, je, waliendelea kuzipanda?

*Umefanikiwa ikiwa* unaweza kutaja awamu unazozihitaji na sehemu za dodoso zenye majibu yako, bila kuwa umefungua faili lolote la data.

Hatua ya 2: Fungua akaunti na uombe data

Data za NPS zimewekwa katika maktaba ya data ya Benki ya Dunia, kwa anwani microdata.worldbank.org, na hazilipiwi. Tafuta jina la nchi na neno NPS, chagua awamu, kisha ufungue sehemu ya kupata data. Utatakiwa kujisajili na kueleza kwa maneno machache utazitumia kufanya nini.

Maelezo hayo yaandike kwa uzito. Sentensi tatu zinatosha: swali lako, awamu unazoziomba, na zao litakalotoka, kama vile tasnifu, makala au ripoti. Data za aina hii hutolewa mara nyingi bila kusubiri, kwa kuwa majina na alama za kuwatambulisha watu zimekwisha kuondolewa. Katika maktaba hiyo hiyo zipo data nyingine zinazotolewa kwa kibali, ambazo ombi lake husomwa na mtu. Huko maelezo ya ovyo hurudishwa.

Onyo: unapobofya kukubali masharti, unaahidi mambo mawili ambayo wengi huyavunja bila kujua. Hutamgawia mtu mwingine data hizo, hata mwenzako wa darasani. Naye ajisajili mwenyewe. Na hutajaribu kumtambua mtu wala kaya iliyomo ndani. Watu hawa walimfungulia mdadisi mlango na kumwambia mapato yao, maradhi yao na njaa yao kwa ahadi kwamba hawatajulikana.

Hatua ya 3: Pakua nyaraka kwanza, data baadaye

Kila awamu ina dodoso, kitabu cha maelekezo ya wadadisi, na waraka wa maelezo ya msingi unaoeleza jinsi sampuli ilivyochukuliwa na jinsi mafaili yalivyopangwa. Huo wa mwisho ndio ambao wanafunzi hawausomi, na ndio wenye majibu ya nusu ya maswali ninayoulizwa. Usome wote. Ni kazi ya asubuhi moja.

Dodoso nalo lisome kama mtu anayehojiwa. Fuata mishale ya kuruka maswali, kwa sababu mishale hiyo ndiyo inayoamua nani ana jibu na nani hana. Mtu aliyejibu kwamba hakuugua katika kipindi kilichoulizwa haulizwi alitibiwa wapi. Nafasi yake itakuwa tupu, na utupu huo haumaanishi kwamba alikataa kujibu.

Kisha tengeneza folda tatu: moja ya data asili, ya pili ya data unazozifanyia kazi, ya tatu ya matokeo. Katika folda ya kwanza hubadilishi kitu, hufuti kitu, huhifadhi chochote juu ya kingine. Kazi yote ifanyike kwa maagizo yaliyoandikwa katika faili la programu, si kwa kubofya hapa na pale, ili ukikosea leo uweze kurudia kila kitu kesho kwa dakika tano.

Hatua ya 4: Fungua faili moja na uhesabu mistari

Usianze kuunganisha. Fungua faili la kwanza la kaya la kila awamu na uhesabu. Awamu ya 2008/09 ina kaya 3,265; ya 2010/11 ina 3,924; ya 2012/13 ina 5,010; ya 2014/15 ina 3,352. Ukipata namba nyingine katika faili la kaya, simama hapo hapo. Ama umefungua faili lisilo lenyewe, ama upakuaji ulikatika.

Jihadhari na majina ya mafaili, kwa kuwa hayakufuata mpango mmoja. Katika awamu ya kwanza orodha ya wanakaya, elimu, afya na mambo mengine vimewekwa pamoja katika faili moja lenye jina refu, SEC_B_C_D_E1_F_G1_U, ilhali awamu zilizofuata kila sehemu ina faili lake. Katika mafaili ya kilimo, herufi A mwishoni mwa namba ya sehemu ni msimu wa masika, na B ni vuli. Mikoa yenye msimu mmoja tu wa mvua haitakuwa na kitu katika vuli, na hilo si kosa la mdadisi.

Sasa kuhusu Excel. Namba ya kaya katika awamu ya kwanza ina tarakimu 14, na katika awamu ya pili zinafika 16. Excel haiwezi kushika zaidi ya tarakimu 15 katika namba moja. Ya kumi na sita huigeuza sifuri bila kukuambia. Zaidi ya hayo, huondoa sifuri zilizo mwanzoni. Kwa bahati mbaya, tarakimu za mwisho za namba hiyo ya awamu ya pili ndizo zinazotofautisha kaya mama na kaya zilizochipuka kutoka kwake, yaani zile za wanakaya waliohama. Ukifungua na kuhifadhi mara moja tu katika Excel, kaya mbili tofauti zinaweza kubaki na namba moja, na hutapata onyo lolote.

Kwa hiyo namba za utambulisho zihifadhi kama maandishi, si kama namba, katika programu yoyote utakayoitumia. Hutazijumlisha wala kuzigawanya. Ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu.

*Umefanikiwa ikiwa* idadi ya kaya katika kila awamu inalingana na iliyotajwa hapo juu, na namba za utambulisho zinaonekana zote, pamoja na sifuri zake za mwanzo.

Hatua ya 5: Mjue mtu wako kwa namba zake

Hapa ndipo wengi huanguka, basi tuende polepole.

Katika awamu moja, mtu hutambuliwa kwa namba mbili zikiwa pamoja: namba ya kaya na namba ya mwanakaya ndani ya kaya hiyo. Majina ya safu hizo hubadilika kila awamu. Awamu ya kwanza zinaitwa hhid na sbmemno. Awamu ya pili ni y2_hhid na indidy2. Ya tatu ni y3_hhid na indidy3, na kuendelea hivyo. Namba ya mwanakaya peke yake haina maana, kwa sababu kila kaya ina namba 1, na mara nyingi huyo ni mkuu wa kaya. Anayeunganisha mafaili kwa kutumia namba ya mwanakaya pekee anawaoza watu wasiojuana.

Kosa la pili, lililo gumu zaidi kuliona, ni kudhani kwamba namba ya mwanakaya inabaki ile ile kutoka awamu hadi awamu. Haibaki. Binti aliyekuwa namba 4 kwa baba yake mwaka 2008 ameolewa mwaka 2010, yuko katika kaya nyingine kabisa, na huko anaweza kuwa namba 2. Ukilazimisha namba 4 ikutane na namba 4, utakutana na mdogo wake, au mgeni aliyehamia, au usikutane na mtu. Yule mwanamume aliyegeuka msichana, niliyemtaja mwanzoni, alizaliwa hivyo.

Njia sahihi ni kutumia faili la ufunguo. Katika kifurushi cha awamu ya 2012/13 kuna faili ambalo jina lake lina maneno PANEL.KEY. Faili hilo linamweka kila mtu katika mstari mmoja na kuonyesha namba zake katika awamu zote tatu. Anza na faili hilo, kisha ulete taarifa za kila awamu kwake, moja baada ya nyingine. Usifanye kinyume chake, yaani usianze kwa kuunganisha mafaili makubwa huku ukitumaini kwamba ufunguo utayapatanisha mwishoni.

Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Chagua faili moja la awamu ya kwanza. Hakikisha kwamba namba ya kaya na namba ya mwanakaya zikiwa pamoja hazijirudii hata mara moja. Katika Stata amri ya isid hukuambia papo hapo. Katika R, tumia duplicated. Zikijirudia, faili hilo si la watu. Huenda ni la mazao, mashamba au vyakula, ambapo mtu au kaya ina mistari mingi.
2. Andika, kabla ya kuunganisha, unatarajia kupata mistari mingapi. Tendo hili dogo la kuandika namba kwanza ndilo linalokuokoa.
3. Unganisha kwa kubainisha aina ya uhusiano: mmoja kwa mmoja, au wengi kwa mmoja. Usitumie kamwe ule wa wengi kwa wengi, ambao Stata huuandika m:m. Hautoi kosa, unakamilika vizuri, na matokeo yake ni takataka.
4. Linganisha idadi uliyoipata na uliyoitarajia. Hesabu wasiopata wenzao, na usome mistari yao kumi kwa macho.
5. Rudia kwa awamu inayofuata.

Baada ya hapo fanya jaribio la jinsia na umri. Jinsia ya mtu mmoja inapaswa kufanana katika awamu zote. Umri unapaswa kuongezeka kwa takriban miaka miwili kati ya awamu ya kwanza na ya pili, na miwili mingine hadi ya tatu. Nimesema takriban kwa sababu watu wazima wengi hukadiria umri na hupenda miaka inayoishia na sifuri au tano. Bibi wa miaka 60 anaweza kuwa bado na 60 baada ya miaka miwili, na hilo si ushahidi wa kuunganisha vibaya. Tofauti ya mwaka mmoja au mitatu ivumilie. Tofauti ya miaka kumi na tano ichunguze.

Asiyehitaji kupita njia hii yote ana njia ya mkato halali. Maktaba ile ile ina seti iliyokwisha kusawazishwa kwa awamu nne za kwanza, inayoitwa Uniform Panel Dataset, ya 2008 hadi 2015, ambamo kaya zimepewa namba kwa mtindo mmoja chini ya safu ya r_hhid na awamu zimewekwa chini ya safu ya round. Kwa anayeanza mimi ninaipendekeza, ila bado afanye jaribio la jinsia na umri. Kazi ya wengine haikuondolei wajibu wa kuhakiki.

Mwisho wa hatua hii kuna shimo moja la kulijua mapema. Awamu ya 2014/15 ilibadilisha sehemu kubwa ya sampuli: maeneo mengi yalichaguliwa upya, na ni sehemu ndogo tu ya kaya za zamani iliyoendelea kufuatwa, ikaonekana tena mwaka 2019/20. Kaya mpya za 2014/15 ndizo zilizofuatwa mwaka 2020/21. Mwanafunzi anayekusudia kufuatilia watu wale wale kutoka 2008 hadi 2020 atabaki na kundi dogo kuliko anavyodhani, na ni afadhali alijue hilo kabla ya kuandika sura ya tatu.

*Umefanikiwa ikiwa* kila mstari ni mtu mmoja, jinsia zinalingana kwa karibu watu wote, na unaweza kueleza kila mstari uliopotea.

Hatua ya 6: Amua unafuata mtu au unafuata kaya

Kaya 3,265 za mwaka 2008/09 zilifikaje 3,924 miaka miwili baadaye, ilhali nyingine zilipotea? Zilizopatikana tena zilikuwa 3,168, sawa na asilimia 97. Nyingine zote katika zile 3,924 zilichipuka. Utafiti huu huwafuata wanakaya wa umri wa miaka 15 na zaidi wanaohama, isipokuwa wasaidizi wa kazi za nyumbani, na kila mmoja anapokwenda huhesabiwa pamoja na kaya yake mpya. Kijana akipanga chumba mjini, kaya moja imekuwa mbili.

Kwa hiyo neno "kaya ile ile" lina utata. Wazazi wakitengana, baba akabaki na nyumba na mama akaondoka na watoto watano, kaya ya zamani ni ipi? Data zina jibu lake la kiufundi, lakini swali lako la utafiti linaweza kudai jibu jingine. Maoni yangu ni kwamba, isipokuwa uwe na sababu nzito, umfuate mtu. Mtu hagawanyiki. Taarifa za kaya, kama vile matumizi au paa la nyumba, mpe kila mtu kulingana na kaya aliyokutwa nayo mwaka husika.

Wapo wanaotatua utata huo kwa kuzitupa kaya zote zilizogawanyika na kubaki na zile zilizotulia. Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, na Kagera imetupa somo lake. Huko, watu wa kaya zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994 walitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010 popote walipokwenda, hata nje ya mkoa na ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Uchambuzi wa Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon ulionyesha kwamba kufikia 2004 matumizi ya waliohama jamii zao za awali yalikuwa yamekua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya matumizi ya waliobaki. Mtafiti ambaye angewahoji waliobaki tu angeandika, kwa uaminifu wote, kwamba maendeleo ni kidogo, kumbe waliopiga hatua wameshaondoka.

Kabla ya uchambuzi wowote, tengeneza jedwali la waliopatikana na waliopotea, ukilinganisha umri, elimu na makazi yao katika awamu ya kwanza. Makundi mawili yakitofautiana sana, sema hivyo katika tasnifu yako, usilifiche.

Hatua ya 7: Safisha, lakini usisafishe kupita kiasi

Anza na nafasi tupu. Kaya isiyouza mahindi ina utupu mahali pa mapato ya mahindi, na kwa swali la mapato utupu huo ni sifuri ya kweli. Kaya iliyouza lakini haikumbuki bei, utupu wake si sifuri. Dodoso pekee ndilo litakalokutenganishia.

Kisha angalia vipimo. Katika sehemu ya chakula, inayouliza yaliyoliwa siku saba zilizopita, kipimo huandikwa katika safu yake: kilo, gramu, lita, mililita au kipande. Ukiona familia iliyokula kilo 500 za chumvi kwa wiki, mdadisi aliandika gramu na kipimo kikaandikwa kilo. Sahihisha kwa kanuni moja iliyoandikwa, inayotumika kwa kaya zote, si kwa kuchagua zile zinazokuudhi.

Mikoa nayo ilibadilika. Mwezi Machi 2012 ziliundwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 Songwe ikatolewa Mbeya. Iringa ya 2008/09 ni pana kuliko Iringa ya 2020/21. Ukilinganisha bila kuirudisha mipaka ya zamani, utaona mabadiliko yaliyoletwa na ramani.

Fedha pia si zile zile. Shilingi elfu kumi ya 2008 si ya 2012. Faili la matumizi, ambalo NBS wamekwisha kulikokotoa, lina safu ya matumizi ya jumla, expm, na ya matumizi yaliyorekebishwa kwa tofauti za bei, expmR. Marekebisho hayo hulinganisha kaya za awamu moja. Kulinganisha awamu na awamu ni kazi nyingine, na utahitaji kuzileta fedha zote katika bei za mwaka mmoja. Kumbuka vilevile kwamba kaya huhojiwa kwa kutawanywa katika miezi kumi na miwili, ili nyingine ziangukie wakati wa mavuno na nyingine wakati ghala ni tupu. Mwezi wa mahojiano usiutupe.

Viwianishi vya ramani vilivyotolewa ni vya kitovu cha eneo la kuhesabia watu, na vimesogezwa kwa makusudi: mjini hadi kilomita 2, kijijini hadi kilomita 5, na kwa asilimia moja ya maeneo ya vijijini hadi kilomita 10. Vinafaa kwa mvua na hali ya hewa. Havifai kupima umbali wa mtu kutoka zahanati ya jirani.

Hatua ya 8: Tumia uzito, tabaka na maeneo

Zanzibar ilikuwa na takriban asilimia 3 ya watu wote wa Tanzania katika sensa ya 2002, lakini katika sampuli ilipewa nafasi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa, ili iweze kuzungumziwa peke yake. Ukichukua wastani wa kawaida wa kaya zote, Zanzibar itapiga kelele kuliko ukubwa wake. Uzito, yaani namba inayoonyesha kaya moja ya sampuli inawakilisha kaya ngapi nchini, ndio unaoirudisha kila kaya katika nafasi yake.

Safu ya uzito ni hh_weight katika awamu ya kwanza, y2_weight katika ya pili, y3_weight katika ya tatu, na y4_weights, yenye s mwishoni, katika ya nne. Pamoja na uzito, iambie programu yako safu ya tabaka (makundi ambayo sampuli ilichukuliwa ndani yake), strataid, na ya eneo la kuhesabia watu, clusterid. Katika Stata ni amri ya svyset. Katika R ni kifurushi cha survey. Ukiacha maeneo, programu itadhani kaya nane za jirani hazina uhusiano wowote, itakupa makosa ya kukadiria yaliyo madogo mno, na utatangaza ugunduzi usiokuwapo.

Hatua ya 9: Rudia namba moja ya ripoti

Kabla ya kukokotoa jambo lako jipya, chukua namba moja rahisi kutoka ripoti ya NBS ya awamu hiyo, kwa mfano wastani wa ukubwa wa kaya, mijini na vijijini, na uitafute kwa data zako. Ikitoka sawa, unajua uzito, mafaili na namba zako viko sawa. Ikipishana kidogo sana, angalia ukadiriaji wa desimali au toleo la data, kwa kuwa mafaili huweza kusahihishwa baada ya ripoti kuchapishwa. Ikipishana sana, rudi hatua ya 4.

Hatua hii huchukua siku moja, na wanaoiruka huirudia baadaye mbele ya jopo la watahini.

Hatua ya 10: Taja chanzo na uhifadhi maagizo

Ukurasa wa kila awamu katika maktaba unaonyesha jinsi ya kuitaja data: mtoaji, jina la utafiti, miaka, namba ya toleo na tarehe uliyopakua. Nakili maneno hayo kama yalivyo, na utaje toleo.

Mwenzako akiomba msaada, mpe faili lako la maagizo na anwani ya maktaba, si data. Akijisajili, akapakua toleo lile lile na kuyaendesha maagizo yako kutoka mwanzo hadi mwisho, jedwali lake la kwanza linapaswa kufanana na lako hadi desimali ya mwisho. Lisipofanana, kuna jambo ulilifanya kwa mkono bila kuliandika, na mahali pa kuanza kulitafuta ni kwenye daftari lako.